Hajati, Miss Marple na mkungu wa matoke uliopotea

Miaka kadhaa iliyopita nilipanga muzigo Katwe, hapa Kampala. Kwa asiyeujua muzigo, ni chumba kimoja katika safu ya vyumba vinavyofanana: milango inatazama ua mmoja, bomba moja, choo kimoja, na kila mtu anajua jirani yake amelala na nini tumboni. Sisi tulikuwa milango minane. Jumamosi moja jioni mama wa chumba cha tatu aliletewa mkungu wa matoke kutoka kwao Masaka, mkungu wa kumtoa mtu jasho. Chumbani mwake mlikuwa mmejaa wageni, kwa hiyo akauegemeza ukutani nje ya mlango, akalala. Asubuhi haupo.

Kelele zilianza kabla jua halijachomoza, na macho yote yakaenda chumba cha nane, kwa kijana wa bodaboda. Nani mwingine? Anarudi usiku wa manane, kusalimia kwa shida, amesuka nywele, chumbani hana hata sigiri, anakula rolex, ile chapati iliyoviringishiwa mayai, pale steji kutwa mara mbili. Mmoja akasema aitwe mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa. Mwingine akasema LC wa nini, kijana huyu atolewe nje hapa hapa aulizwe. Wakati huo wote Hajati wa chumba cha kwanza alikuwa barazani anakaanga maandazi, kama kila siku tangu saa kumi alfajiri. Yeye ndiye aliyefungua komeo la geti siku ile, na alilikuta limefungwa kwa ndani. Hakuinua kichwa, aliendelea kuuza. Nilinunua mimi. Akaja mwalimu wa chumba cha tano, ambaye mke na watoto walikuwa wameenda kijijini kwenye msiba. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani, mikono mfukoni. Akaweka sarafu juu ya benchi, akachukua kaveera yake ya maandazi, akaondoka. Hajati akawaambia wenye kelele neno moja tu: "Subirini nimalize karai hili."

Mkungu huo nitaurudia. Itoshe kusema kwamba kila unachohitaji ili umjue aliyeuchukua umeshakisoma, na kama hukukiona, lawama usinitupie. Mchezo huo ndio unaofanya mamilioni ya watu wapende riwaya za upelelezi ambazo kwa Kiingereza huitwa "cosy", jina lenye maana ya joto la blanketi na birika la chai. Kwa Kiswahili sijaona jina lililokubalika. Mimi huziita riwaya za upelelezi wa barazani, kwa sababu ndani yake mambo hutatuliwa na watu walioketi. Neno lenyewe Waganda tunaliazima bila kulipia: lubalaza ndipo tunapoketi jioni, tukitazama nani anapita na nani.

Ajabu yake ni hii. Mtu amechoka, amekaa kwenye foleni ya taksi masaa mawili, anafika nyumbani, anajilaza na kitabu ambacho ukurasa wa kumi kina maiti, na badala ya kuogopa analala usingizi mnono. Mauaji yanamliwazaje mtu?

Kwanza tutenganishe ndugu. Riwaya za upelelezi ni ukoo mkubwa, na si wote wanaopika chungu kimoja. Sisi wasomaji wa Kiswahili wengi tulianzia kwa akina Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, mashujaa wa bastola, hoteli kubwa na wanawake wasioaminika. Humo unasoma huku umekunja ngumi. Upelelezi wa barazani hauna mbio. Damu ipo, lakini imeshafutwa kabla hujaingia chumbani. Unachooneshwa ni ndara moja iliyobaki chini ya meza na kikombe cha chai kilichonywewa nusu. Mahali ni padogo, watu wanafahamiana, na anayetafuta ukweli hana kazi hiyo kwa mshahara wala kwa cheo.

Hilo la cheo ndilo moyo wa jambo. Askari anaweza kukamata na kutisha. Mpelelezi wa barazani hawezi. Silaha yake ni mazungumzo, na mazungumzo yanamfikisha pale ambapo kofia ya polisi haifiki: jikoni, msibani, kisimani, kwenye foleni ya kliniki ya wajawazito. Watu hawajifichi mbele yake kwa sababu hawamhesabu. G. K. Chesterton aliliona hilo mapema alipomtoa Padri Brown, ambaye kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1911: padri mfupi, mnene, na mwavuli uliochakaa unaomwanguka kila mara. Wajanja wanamcheka. Wanasahau kwamba mtu ambaye kazi yake ni kusikiliza toba za watu wiki nzima anaujua uovu kuliko wao.

Kisha akaja Miss Marple wa Agatha Christie, kwanza katika hadithi fupi mwaka 1927, halafu katika riwaya kamili mwaka 1930, na mwisho riwaya zake zikafika 12. Ni bibi asiyeolewa, anafuma sweta, anapalilia maua, anaishi katika kijiji cha kubuni kiitwacho St Mary Mead. Hapimi nyayo kwa rula wala hachunguzi majivu ya sigara. Anachofanya ni kufananisha. Anamwona bwana mkubwa wa mjini mwenye adabu za kupitiliza, anakumbuka mtu fulani wa kijijini kwao aliyekuwa na adabu hizo hizo siku chache kabla ya kugundulika anaiba, basi. Watu wa mjini wanadhani bibi wa kijijini hajui dunia. Christie anajibu kwamba kijijini dunia yote ipo, isipokuwa huko unaiona kwa karibu na huwezi kuhama ukimchukia jirani. Wahenga wetu walikuwa wameshafunga mjadala: kikulacho ki nguoni mwako. Katika riwaya hizi muuaji hatoki mbali. Ni daktari wa familia, ni mpwa, ni yule aliyekukaribisha chai.

Kwa nini zilistawi wakati ule zilipostawi? Kitabu cha kwanza cha Christie kilitoka mwaka 1920, na mpelelezi wake Hercule Poirot humo ni mkimbizi wa Kibelgiji aliyeletwa Uingereza na vita. Mwandishi mwenyewe wakati wa vita vya 1914 hadi 1918 alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay, alikozaliwa. Sumu alijifunzia huko, na ndiyo maana wahusika wake hufa kwa vipimo sahihi. Uingereza ya miaka ile ilikuwa imezika vijana wengi ambao hakuna aliyeweza kueleza walikufa kwa sababu gani ya maana. Wakosoaji wengi wamesema, nami nakubali, kwamba kitabu ambamo anakufa mtu mmoja, na kila mtu anasimamisha shughuli zake mpaka ijulikane nani na kwa nini, kilikuwa faraja. Mle ndani kifo kimoja kinahesabiwa.

Msomaji wa Uganda hapa husita kidogo, na ana haki. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alichukuliwa kutoka Mahakama Kuu, mchana, Septemba 1972, na hakurudi. Miaka ile ya Idi Amin fumbo halikuwa nani amefanya. Fumbo lilikuwa nani atathubutu kusema. Riwaya ya barazani inaegemea imani fulani ambayo haitamkwi: kwamba ukimtaja mwenye hatia kwa ushahidi, pingu zitakuja, na zitamfunga yeye badala ya wewe. Imani hiyo ikikosekana, sura ya mwisho inageuka kichekesho. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda kuripoti wizi katika kituo kimoja, nikaulizwa nina pesa ya mafuta ya gari la kwenda kukamata. Siku hiyo nilimwonea wivu Miss Marple, si kwa akili yake. Nilimwonea wivu kwa inspekta anayekuja akiitwa.

Lakini hapo hapo ndipo ninapoona kwa nini vitabu hivi vinatufaa kuliko vinavyowafaa Waingereza. Polisi asipoaminika, watu hujihukumia. Umewahi kusikia neno "mubbi!" likipigwa sokoni? Mwizi! Anayekimbia ndiye mwenye hatia, na asiyekimbia hana muda wa kujieleza. Mawe kwanza, maswali baadaye, na mara nyingi maswali hayaji kabisa. Sasa chukua riwaya yoyote ya barazani uihesabu: mshukiwa wa kwanza, yule mgeni, maskini, mwenye sura mbaya, aliyegombana na marehemu jana mbele ya mashahidi, karibu kila mara hana hatia. Muundo mzima wa kitabu ni mkono unaokuzuia usinyooshe kidole. Unamshuku huyu, kurasa thelathini baadaye unaona aibu. Unamgeukia yule, unaona aibu tena. Nadhani utamu wenyewe umo humo, na si katika kifo wala katika maua ya St Mary Mead. Mtu anajipatia, kwa raha na bila hasara, mazoezi ya kukosea juu ya binadamu mwenzake na kusahihishwa.

Ili mazoezi hayo yafae, mwandishi asidanganye, ndiyo maana kukawa na sheria. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri wa Kikatoliki aliyekuwa naye akiandika riwaya hizi, alitoa amri kumi, nusu mzaha nusu kweli. Mpelelezi asiwe ndiye muuaji. Kila alama anayoiona, msomaji naye aione. Pacha wasitokee ghafla sura ya mwisho. Kusiwe na sumu ambayo sayansi haijaijua. Amri ya tano inamkataza Mchina, jambo linaloshangaza mpaka ujue kwamba vitabu rahisi vya siku zile vilijaa Wachina waovu wa kubuni, na Knox alikuwa amewachoka. Mwaka uliofuata waandishi wa London wakaanzisha Detection Club, Chesterton akiwa rais wa kwanza, na wanachama waliapa kucheza mchezo kwa haki.

Amri ya pili ndiyo inayonigusa: majini, mizuka na nguvu za ajabu haziruhusiwi. Kwetu kitu kikipotea, wapo watakaotaja polisi na wapo watakaotaja mganga, na mganga kazi yake ni kukupa jina moja haraka, kwa kawaida jina ulilokuja nalo kichwani. Mwandishi wa Kiswahili aliyelikabili hili uso kwa uso ni Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960 baada ya kushinda shindano la East African Literature Bureau, inaweka mauaji mahali penye mzimu, palepale ambapo kila mtu ana jibu rahisi mdomoni. Mpelelezi wake, Bwana Msa, anakuja na kiko chake na rafiki yake Najum, anavuta moshi, anauliza maswali madogo madogo, na anautafuta mkono wa binadamu. Kiko hicho kinamkumbusha Sherlock Holmes, hilo halifichiki, lakini mwendo wa Bwana Msa ni wa barazani: kahawa, maneno ya pembeni, na Kiswahili kinachokunjwa na kukunjuliwa kama mkeka.

Nina deni la pekee kwa Bwana Msa. Siku moja nilikuwa namsomea shangazi yangu kitabu hicho kwa sauti, naye akanikatiza: "Mwanangu, hicho kweli ni Kiswahili?" Kwa watu wa umri wake Kampala, Kiswahili kilikuwa sauti ya askari kwenye kizuizi barabarani, au ya jambazi anayegonga mlango usiku. Hakuwahi kukisikia kinywani mwa mtu anayefikiri taratibu. Katiba ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini karatasi hazifuti hofu ya shangazi. Yule mzee wa kiko alifika mbali zaidi. Shangazi aliniambia nisogeze taa niendelee.

Siku hizi aina hii imerudi kwa nguvu. Richard Osman alipotoa riwaya yake ya kwanza mwaka 2020, wapelelezi wakiwa wazee wanne wa kijiji cha wastaafu wanaokutana kila Alhamisi, watu walikuwa wamefungiwa majumbani na korona, na wazee wenye akili timamu wanaokula keki walikuwa dawa. Mwaka huo huo ugonjwa ulisimamisha igizo la Christie lililokuwa likichezwa London tangu mwaka 1952, ambalo watazamaji huombwa wakitoka wasimtaje muuaji. Ombi hilo hunichekesha. Kampala, Radio Katwe ingekuwa imeshalitangaza jina kabla pazia halijashuka. Kwa wasiotujua, Radio Katwe haina mitambo. Ndilo jina la uvumi wa mji, na mimi kwa miaka miwili niliishi studioni.

Karibu zaidi na sisi yuko Mma Ramotswe wa Botswana, aliyeanza mwaka 1998. Aliuza ng'ombe wa urithi wa baba yake akafungua ofisi ya upelelezi bila cheti wala uzoefu. Anatoza ada, kwa hiyo mwenye kushika sheria atasema si wa barazani. Lakini tazama anavyofanya kazi: chai ya majani mekundu, gari dogo jeupe, waume wanaopotea, mabinti wanaofuatwa na baba zao. Mauaji ni machache sana. Aliyemwandika, Alexander McCall Smith, alizaliwa Bulawayo na aliwahi kufundisha sheria Botswana. Wapo wanaolalamika kwamba Afrika yake ni tamu mno, kama chai iliyozidi sukari. Kuna kurasa nakubaliana nao. Ila nikikumbuka Afrika ambayo watu wa nje hupenda kuiandika, kijiko kimoja cha ziada nakivumilia.

Lawama nzito ni nyingine. Vitabu vya zamani vya Kiingereza vinapenda ulimwengu uliotulia wa mabwana na watumishi, na utulivu wenyewe unalipiwa na wale wanaobeba sinia. Riwaya mashuhuri ya Christie ya mwaka 1939, ile ya watu kumi kisiwani, ilibidi ibadilishwe jina kwa sababu jina la kwanza lilikuwa na tusi kwa watu weusi. Anayesoma na macho wazi atakutana na mengi ya namna hiyo. Mimi huyasoma kama ninavyosikiliza wazee wenye maneno mabaya: nasikia, sisahau, na bado nataka kujua nani alitia sumu kwenye chai.

Kwa mwandishi wa hapa, mahali tunapo tele. Aina hii inataka duara lililofungwa, ambamo mwenye hatia lazima awe mmoja wetu. Visiwa vya Ssese je? Kivuko cha Nakiwogo kikishaondoka, umebaki na mliobaki. Au mduara wa malwa: chungu kimoja katikati, watu kumi, mirija mirefu kumi, kila mtu ananyonya pombe ile ile ya moto. Mmoja akianguka na wengine tisa wazima, sumu ilikuwa wapi? Natamani mtu aiandike hiyo kabla sijazeeka. Au, kwa mwenye bajeti ndogo, milango minane ya Katwe.

Turudi basi. Geti lilikuwa na komeo kwa ndani, na aliyelifungua ni Hajati mwenyewe. Kwa hiyo mkungu haukutoka. Ulikuwa bado nyuma ya mlango mmoja kati ya minane. Kijana wa bodaboda hana sigiri, na matoke mabichi hayaliwi kama embe. Yanataka kumenywa, kufungwa majanini, kukalia moto muda mrefu. Na kumenya kuna siri yake ambayo kila mwanamke wa Buganda anaijua: unapaka mafuta mikononi kwanza, maana utomvu wa ndizi ukikaukia kwenye vidole unakuwa mweusi na sabuni hauijui. Asiyezoea kumenya hapaki. Nani pale uani hakuzoea, na mpishi wake yuko kijijini? Nani amekuja kununua maandazi mikono imejificha mfukoni, akaweka sarafu kwenye benchi asimpe mama mtu mzima mkononi, yeye ambaye adabu ndiyo kazi yake darasani?

Hajati alimaliza karai lake. Kisha akamtuma mjukuu wake chumba cha tano na sahani iliyofunikwa kwa sahani. Mimi nilidhani ni maandazi. Miaka mingi baadaye, nikimsaidia kuhama, ndipo aliponiambia: ndani kulikuwa na nusu limau na mafuta ya kupikia kidogo, basi. Mshahara wa yule mwalimu ulikuwa haujatoka kwa miezi miwili, na hilo pia Hajati alilijua, kwa sababu maandazi yake alikuwa ameanza kuyanunua mawili badala ya manne.

Jumatatu alfajiri mkungu ulikuwa umerudi ukutani, umepungua vichana viwili, na pesa ya vichana hivyo imekunjwa katikati ya ndizi. Mama wa chumba cha tatu alipiga kigelegele. Kijana wa bodaboda, ambaye hakuwahi kujua kilichomwokoa, alianza kumbebea Hajati unga kutoka soko la Owino bila kumtoza, kwa sababu tu yeye peke yake ndiye hakumtazama vibaya asubuhi ile. Mwenyekiti wa LC alifika saa tano, akakuta kesi imekwisha, na kwa kuwa alishafungua daftari aliandika hivyo hivyo: mkungu mmoja, umerudi wenyewe.